Kulinda Cheti cha Parachichi kwa Soko la Ulaya: Mwongozo kwa Vikundi vya Wakulima wa Rungwe na Njombe

Kikundi cha wakulima kinapopokea cheti cha GLOBALG.A.P. kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hufanyika hafla ndogo, cheti hutiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani ofisini, kisha wanachama hurudi mashambani wakiamini kwamba kazi imekwisha. Nimekuwa msimamizi wa mfumo wa ubora wa kikundi kimoja cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe kwa misimu kadhaa, na nimeona kwamba vikundi vingi havishindwi kupata cheti, bali hushindwa kukaa nacho. Kukipata ni kazi ya miezi michache, na mara nyingi mnunuzi au mradi fulani huigharimia na kuleta wataalamu wake. Kukitunza ni kazi ya kila wiki inayofanywa na wakulima wenyewe, kwenye mvua, bila mgeni wa kuwashika mkono. Mwongozo huu unahusu hiyo kazi ya pili, na nimeuandika kwa ajili ya makatibu, wasimamizi wa ubora na wakaguzi wa ndani wa vikundi vya Tukuyu, Kiwira, Busokelo, Njombe, Mufindi na kwingineko kwenye nyanda zetu za juu kusini ambako miti ya Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, imeenea.

Tofautisha nyaraka kwanza

Wanachama wengi huita kila karatasi "cheti cha Ulaya", na mchanganyiko huo huleta makosa. GLOBALG.A.P. ni mfumo ulioanzishwa na wenye maduka makubwa ya Ulaya mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP, ukabadilishwa jina mwaka 2007. Si sharti la serikali yoyote, bali ni sharti la wanunuzi, na unahusu jinsi tunda linavyolimwa: usalama wa chakula, matumizi ya viuatilifu, maji, afya ya wafanyakazi na utunzaji wa mazingira. Cheti cha afya ya mimea ni kitu kingine kabisa: hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, kwa kila mzigo unaoondoka nchini, baada ya mkaguzi wa serikali kujiridhisha kwamba hauna wadudu wala magonjwa. Kisha kuna viwango vya juu vya masalia ya viuatilifu, yaani kiasi cha mwisho cha mabaki ya dawa kinachoruhusiwa kwenye tunda, ambavyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 396 ya mwaka 2005, inayombana kila anayepeleka tunda huko, awe na cheti cha GLOBALG.A.P. au asiwe nacho.

Hakuna hata moja kati ya nyaraka hizo inayosema kwamba tunda limekomaa. Kukomaa hupimwa kwa kukausha vipande vya nyama ya tunda na kuona ni asilimia ngapi ya uzito imebaki, na kwa Hass kiwango cha kimataifa hakishuki chini ya asilimia 21. Ukipeleka tunda changa, cheti hakitakutetea. Na wale wanaotazama China, ambayo Tanzania ilitia saini nayo itifaki ya parachichi Novemba 2022, waelewe kwamba huko mashamba na vituo vya kufungashia husajiliwa kwa utaratibu wa serikali hizo mbili, na karatasi ya GLOBALG.A.P. haichukui nafasi ya usajili huo.

Cheti cha kikundi hubebwa na mwanachama mmoja

Wakulima wetu wengi wana robo eka, nusu eka, au miti arobaini iliyochanganyika na migomba, kwa hiyo hakuna anayeweza kugharimia cheti peke yake. Ndiyo maana tunathibitishwa kama kikundi. Utaratibu ni kwamba kikundi kinakuwa na mfumo wake wa usimamizi wa ubora, kinamkagua kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka kwa kutumia wakaguzi wake wa ndani, ndipo kampuni ya uthibitishaji inapokuja kuukagua mfumo wenyewe na sampuli ya mashamba. Sampuli hiyo ni kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta idadi hiyo. Kikundi chenye wanachama 144 kitakaguliwa mashamba 12. Chenye wanachama 400 kitakaguliwa mashamba 20.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Hudhani kwamba kwa kuwa ni mashamba 12 tu yatakayotembelewa, basi inatosha kuandaa mashamba 12 mazuri. Lakini mkaguzi ndiye anayechagua, na akikuta kwenye shamba moja kasoro ambayo mkaguzi wa ndani aliipitisha kama haipo, hahesabu kosa la shamba moja. Anauliza ikiwa ukaguzi wa ndani ulifanyika kweli kwa hao 132 ambao hakuwaona. Swali hilo likikosa jibu, cheti cha wote kimo hatarini. Kwa hiyo nguvu ya kikundi haipimwi kwa mkulima wake bora anayepelekewa wageni, bali kwa yule wa mwisho kabisa kwenye orodha, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mto na pikipiki haifiki msimu wa masika.

Rejesta ya wanachama ndiyo mlango wa yote hayo. Iwe na jina la mwanachama, eneo la shamba, ukubwa, idadi ya miti na umri wake, tarehe ya mkataba alioutia saini na kikundi, tarehe ya ukaguzi wa ndani wa mwisho na hali yake: ameidhinishwa, amesimamishwa au ameondolewa. Mwanachama akifariki na shamba likaenda kwa watoto watatu, rejesta ibadilike mwezi huohuo na mikataba mipya isainiwe. Nimeona mkaguzi akisimama mbele ya kaburi la mtu ambaye saini yake ilikuwa kwenye fomu ya miezi miwili nyuma, na sitaki mwingine yeyote apitie aibu ile.

Hesabu mwaka kwa kurudi nyuma

Cheti hudumu miezi 12. Ukaguzi wa kukihuisha unaweza kufanyika kuanzia miezi minne kabla ya siku ya kuisha, na kampuni ya uthibitishaji inaweza kuongeza muda wa cheti hadi miezi minne ikiwa kuna sababu ya msingi na kikundi kimejisajili upya kabla cheti hakijaisha. Usiutegemee muda huo wa nyongeza. Andika ukutani tarehe ya kuisha, kisha rudi nyuma: ukaguzi wa nje uwe miezi mitatu kabla, ukaguzi wa ndani wa mashamba yote uwe umekamilika mwezi mmoja kabla ya huo wa nje, na ukaguzi wa mfumo wenyewe, yaani mtu asiye msimamizi wa ubora kuyapitia majalada ya ofisi, uwe katikati ya kaguzi hizo mbili. Mkaguzi anatakiwa kuona zao likiwa shambani na kazi ya kuvuna ikiwezekana, kwa hiyo kalenda ya cheti ni lazima ifuate kalenda ya tunda la kwenu, ambayo Rungwe na Njombe hailingani.

Fahamu pia kwamba kampuni za uthibitishaji zinawajibika kuwatembelea kwa ghafla asilimia 10 ya wenye vyeti kila mwaka, kwa taarifa isiyozidi saa 48. Simu ya namna hiyo ikiingia Jumatatu, huna muda wa kuandika daftari la miezi minane.

Daftari la kupulizia dawa

Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kufundisha kikundi kipya, ningechagua hili, kwa sababu karibu kila hoja kubwa, yaani kasoro iliyoandikwa na mkaguzi, niliyowahi kuiona ilianzia hapa. Kila mara dawa inapopuliziwa, daftari linapaswa kueleza tarehe, shamba au kipande chake, jina la biashara la dawa na kiambato chake kinachofanya kazi (kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa), sababu ya kupulizia, kiasi kilichotumika, bomba lililotumika, jina la aliyepulizia na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Kama shamba halikupuliziwa kabisa msimu mzima, na Rungwe mashamba ya namna hiyo ni mengi, hilo nalo liandikwe na kusainiwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilifika kwa mama mmoja wa makamo, mkulima hodari mwenye miti safi ajabu, siku chache kabla ya ukaguzi wa nje. Alinipa daftari lake kwa mikono miwili. Kurasa zilikuwa nyeupe kama zimetoka dukani, wino mmoja wa buluu kuanzia juu mpaka chini, mwandiko mmoja, hakuna tone la maji wala alama ya kidole chenye udongo. Nikasoma, nikamuuliza kwa upole: "Samahani mama, hapa inaonekana tarehe 14 Aprili ulipulizia dawa ya ukungu?" Akanitazama kama mtu niliyeuliza jambo la ajabu. "Mwanangu, Aprili hapa nani anapulizia? Mvua inanyesha kutwa." Daftari lilikuwa limejazwa na mjukuu wake jioni iliyotangulia, kwa kufuata mfano waliopewa kwenye mafunzo, ili babu na bibi wasiaibike. Ukweli ni kwamba alikuwa hajapulizia chochote, na kama daftari lingesema hivyo angepita bila tatizo. Lile la uongo lingemwangusha yeye na sisi sote.

Tangu siku hiyo nafundisha kwamba daftari chafu lenye ukweli ni bora kuliko safi la kubuni, na tulibadilisha mahali linapokaa. Halikai tena sandukuni pamoja na hati za nyumba. Linakaa ndani ya mfuko wa nailoni, limefungwa kwa kamba na kalamu yake, kwenye msumari uleule linapotundikwa bomba la mgongoni, na kanuni ni kwamba unaandika kabla ya kuosha bomba. Kwa wazee wasioandika, kikundi kiliteua wapuliziaji sita waliofunzwa, wenye mavazi ya kujikinga na mabomba ya kikundi. Mwanachama akihitaji kupulizia anawaita, anawalipa, nao wanaandika kwenye daftari lake na kwenye la kwao. Madaftari hayo mawili yakilinganishwa ofisini kila mwisho wa mwezi, kosa huonekana mapema, wakati bado linaweza kurekebishwa. Yatunzwe yote kwa angalau miaka miwili.

Gramu moja katika tani mia

Sheria ya Ulaya inaweka kiwango cha juu cha masalia kwa kila kiuatilifu katika kila zao, na pale ambapo hakuna kiwango maalumu, kiwango cha jumla ni miligramu 0.01 kwa kilo moja ya tunda. Namba hiyo haimwingii mkulima akilini mpaka uigeuze. Ni gramu moja, ncha ya kijiko cha chai, iliyosambazwa kwenye tani 100 za maparachichi, yaani makontena manne au matano ya futi 40. Nilipoanza kuieleza hivyo kwenye mikutano, ukumbi ulikuwa unanyamaza.

Klorpirifosi ni mfano ambao kila mwanachama anapaswa kuujua. Ni dawa ya wadudu ambayo mkulima wetu ameizoea kwa miaka mingi chini ya majina mengi ya biashara. Ulaya ilikataa kuihuisha idhini yake Januari 2020, na tangu Novemba mwaka huohuo kiwango chake cha masalia kimeshushwa hadi hiyo 0.01. Dawa haikubadilika, chupa haikubadilika, duka la pembejeo ni lilelile, lakini tunda lililokuwa halali mwaka mmoja lilikuwa haramu mwaka uliofuata. Mankozebu, ambayo wakulima wa viazi wa Njombe na Uyole huipulizia dhidi ya ukungu wa viazi, nayo ilinyimwa kuhuishwa idhini huko Ulaya mwishoni mwa 2020. Kwa hiyo orodha ya dawa zinazoruhusiwa katika kikundi si karatasi ya kuandikwa mara moja. Msimamizi wa ubora anapaswa, kabla ya kila msimu, kuilinganisha na mambo mawili: kwanza, dawa imesajiliwa na TPHPA kwa matumizi ya parachichi hapa nchini, pili, kiwango chake cha masalia katika nchi tunakopeleka mzigo ni kipi leo, wala si kipi mwaka jana. Hifadhidata ya viuatilifu ya Umoja wa Ulaya iko wazi kwenye intaneti, haina malipo, na mnunuzi mwenye nia njema hukubali kusaidia kuisoma. Orodha ikishapitishwa, tafsiri majina kuwa yale yanayouzwa dukani, chapa nakala, ipeleke kwa kila mwanachama na pia kwa wenye maduka ya pembejeo ya eneo lenu, kwa sababu mkulima akikosa dawa aliyoelekezwa atachukua ile ambayo muuzaji anamwambia "ni ileile tu".

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki kwenye dawa za parachichi. Inatoka kwenye mazao ya jirani. Msimu mmoja sampuli yetu ilirudi kutoka maabara ikiwa na profenofosi, miligramu 0.03 kwa kilo, na hakuna mwanachama aliyekuwa na dawa hiyo kwenye daftari wala ghalani. Tulifuatilia namba ya kreti hadi kwenye shamba la kijana mmoja mwaminifu kabisa. Tukakaa naye kibarazani, tukapitia kila siku ya wiki sita zilizopita, na hatimaye mke wake ndiye aliyekumbuka: bomba lao lilikuwa limepasuka mpira, wakaazima kwa jirani anayelima nyanya. Wao walitia dawa iliyoruhusiwa, kwa kipimo sahihi, na wakaandika. Mabaki yaliyokuwa chini ya tangi na kwenye mpira wa jirani yalitosha. Mzigo wa shamba lile haukuondoka, tulimjulisha mnunuzi na kampuni ya uthibitishaji siku hiyohiyo, na barua tuliyowaandikia pamoja na maelezo ya chanzo ndiyo iliyotuokoa.

Kutokana na hayo tuna masharti matatu ambayo hayana msamaha. Bomba la parachichi halitumiki kwa zao lingine wala haliazimwi, na limepakwa rangi nyekundu kwenye kifuniko ili hata mtoto alitambue. Mwanachama mwenye viazi, nyanya au maharage chini ya miti au mpakani anaandika pia dawa za mazao hayo, na hapulizii upepo ukielekea kwenye miti yenye matunda. Na sampuli za masalia hazichukuliwi kwenye mashamba mazuri, bali kwenye yale ambayo tathmini ya hatari inatuonyesha kwamba yanaweza kuwa na tatizo, kisha hupelekwa kwenye maabara yenye ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kabla ya mavuno, wakati jibu bado linaweza kubadilisha uamuzi. Ada ya maabara ni kubwa kwa kikundi kidogo, sikatai, lakini ni nafuu kuliko kontena moja kuzuiwa bandarini.

Tunda linaloingia liwe sawa na linalotoka

Msimu bei inapopanda, jamaa asiye mwanachama humwomba ndugu yake mwanachama amsaidie kuuza. Kwa mila zetu ni vigumu kumkatalia shemeji. Lakini kila kreti ya shemeji inayopita kwa jina la mwanachama ni tunda lisilo na daftari linaloingia chini ya namba ya kikundi, ile GGN yenye tarakimu 13 ambayo mnunuzi yeyote duniani anaweza kuitafuta akaona ni ya nani.

Mkaguzi huukamata mchezo huu kwa hesabu rahisi, nanyi mnaweza kuukamata kabla yake. Kabla ya kuvuna, mkaguzi wa ndani apite akadirie mavuno ya kila shamba na kuyaandika kwenye rejesta. Wakati wa kupokea, kila kreti iwe na kibandiko chenye namba ya mwanachama na tarehe, na ipimwe mbele yake. Mwanachama mwenye miti 40 ya miaka minne akileta tani tatu, hiyo ni kilo 75 kwa kila mti mchanga, na hakuna jicho la mkulima litakalolikubali jambo hilo. Mpigie simu siku hiyo, nenda shambani kesho yake. Mwisho wa msimu jumla ya kilo zilizopokelewa ilingane na zilizouzwa nje, zilizouzwa sokoni hapa nchini, zilizokataliwa na zilizooza. Pengo likiwepo, lielezwe kwa maandishi.

Mara moja kwa mwaka fanyeni pia jaribio la kurudisha mzigo. Chukua namba ya boksi moja lililosafirishwa, tazama saa, kisha fuatilia nyuma hadi kwenye mwanachama, daftari lake, dawa ya mwisho aliyopulizia na mtu aliyevuna, halafu geuka uone maboksi mengine ya shamba hilo yalikwenda kwa nani. Mara ya kwanza sisi tulitumia siku nzima. Siku hizi hatuzidi saa mbili, na tofauti ni kwamba tuliacha kuandika majina kwenye vibandiko, maana kijijini kwetu kina Mwakyusa ni wengi, tukaanza kutumia namba.

Ukaguzi wa ndani wenye meno

Mkaguzi wa ndani asikague shamba lake, la mzazi wake wala la mtu anayemdai. Apewe mashamba machache kwa siku, kwa sababu anayekagua mashamba kumi na tano kabla ya chakula cha mchana anakagua karatasi tu. Afike, asalimie, aketi kidogo kama desturi inavyotaka, kisha aanzie ghalani kabla ya daftari: atazame dawa zilizopo, tarehe za kuisha, kufuli, chupa tupu ambazo zinapaswa kuoshwa mara tatu na kutobolewa ili zisigeuzwe za kuwekea mafuta ya taa. Choo, maji ya kunawa na sabuni karibu na wavunaji, sanduku la huduma ya kwanza, mikasi safi, hayo huonekana kwa macho na hayahitaji maelezo marefu. Ndipo afungue daftari na kulilinganisha na alichokiona.

Fomu ambayo haina hata kasoro moja kwa mashamba yote huniondolea imani. Mkaguzi wa nje naye huiona hivyo. Kasoro iliyoandikwa, ikapewa tarehe ya kurekebishwa, ikarudiwa kukaguliwa na kufungwa kwa saini, ni ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi, na wakaguzi wenu waambiwe wazi kwamba hawatalaumiwa kwa kuandika kasoro za jirani zao.

Siku ya mgeni, na siku 28 zinazofuata

Masharti ya GLOBALG.A.P. yana uzito tofauti: makuu ni lazima yatimizwe yote kwa asilimia 100, na madogo kwa asilimia 95. Mkaguzi akifunga kazi yake atawasomea hoja. Msibishane naye kwa hasira wala msisaini msichokielewa. Mwombeni aonyeshe kifungu na ushahidi, na kama mna karatasi aliyokosa kuiona, itoeni palepale. Kuanzia hapo kikundi chenye cheti kina siku 28 za kurekebisha na kutuma ushahidi. Msipozijibu, cheti husimamishwa, na ikithibitika kwamba kulikuwa na udanganyifu au kwamba kikundi hakina uwezo wa kurekebisha, cheti kinaweza kufutwa, na aliyefutiwa hapokelewi tena mpaka miezi 12 ipite. Kwa mkulima wa parachichi hiyo ni msimu mzima wa kuuza kwa bei ya madalali.

Jibu la hoja lina sehemu tatu, na vikundi huandika moja tu. Ya kwanza ni kurekebisha kilichoonekana, kwa mfano kuweka kufuli kwenye ghala. Ya pili ni kueleza kwa nini kufuli halikuwepo: mwanachama hakujua, alijua ila hana fedha, au mkaguzi wa ndani aliliruka? Ya tatu ni kuthibitisha kwamba mmewaangalia wengine wenye hali kama hiyo. Picha ya kufuli jipya peke yake itarudishwa, na siku tano zitakuwa zimepotea. Gawaneni kazi jioni ileile mkaguzi anapoondoka. Siku 28 ni chache kuliko zinavyoonekana kwa mtu ambaye wanachama wake wako vijiji saba.

Kumsimamisha mwenzetu

Lipo jambo la mwisho ambalo ni gumu kuliko yote. Mwanachama aliyeghushi daftari, aliyeingiza tunda la mtu mwingine au aliyepulizia dawa iliyokatazwa ni lazima asimamishwe, hata kama ni mwenyekiti wa zamani au mzee wa kanisa. Mkataba alioutia saini uwe unasema hivyo kwa maneno ya wazi, na ngazi zake zijulikane: onyo la maandishi, kusimamishwa kuuza kupitia cheti kwa muda maalumu, kisha kuondolewa. Uamuzi ufanywe na kamati ya watu wasiopungua watatu, siyo na msimamizi wa ubora peke yake, maana mtu mmoja hawezi kubeba uadui wa ukoo mzima. Mhusika aitwe, asikilizwe mbele ya kamati, apewe barua, na matunda yake yaruhusiwe kuuzwa soko la ndani ili familia isikose chakula wakati anajirekebisha.

Yule kijana wa bomba la kuazima alisimamishwa kwa msimu mmoja, ingawa sote tulimhurumia. Alikuja ofisini mwezi wa pili wa kusimamishwa kwake akiwa na bomba jipya alilolinunua Mwanjelwa, jijini Mbeya, kifuniko ameshakipaka rangi nyekundu mwenyewe, akataka tulipime pamoja. Tulitia lita kumi za maji matupu, tukapulizia miti mitano ya nyuma ya ofisi, tukapima kilichobaki, tukaandika. Nakala ya kipimo hicho, barua ya kumsimamisha, matokeo ya sampuli yake mpya yaliyotoka safi na barua ya kumrudisha vyote vimo kwenye jalada lake kwa mpangilio wa tarehe, na mkaguzi wa nje alipokuja mwaka uliofuata, hilo ndilo jalada la kwanza aliloomba.